Siku Mama Alipomjibu Mama Mbeho

Watu husema barafu haina harufu. Hao hawakuinusa kwa mara ya kwanza wakiwa na miaka kumi. Mwezi uliopita mwanangu wa mwisho aliniletea friji, nyeupe, yenye kabati la kugandishia juu, akaniambia, "Mama, sasa na wewe utakunywa maji baridi kama watu wengine." Nikamshukuru, nikamwombea baraka, na alipoondoka nikafungua lile kabati la juu na kuingiza uso. Harufu ikanijia palepale: harufu ya bati lililolowa, na kwa mbali mafuta ya taa, ingawa friji za siku hizi hazijui mafuta ya taa ni kitu gani. Nikafunga mlango. Tangu siku hiyo naitumia kuwekea nyanya na dagaa wa Nkome, barafu sigandishi, na mwanangu anaamini kuwa mama yake ni mshamba asiyebadilika.

Simlaumu, maana sijawahi kumweleza. Jambo hili nawaambia nyinyi wa rika langu, mliokula michembe ya viazi vikavu asubuhi mkaenda shule pekupeku, mliochuma pamba mpaka vidole vikachanika, na mnaojua ni mangapi hayakusemwa ndani ya nyumba zetu.

Kwetu kulikuwa upande wa Bukombe, katika kijiji cha nyumba zilizopangwa mistari, kwa kuwa wote tulihamishiwa pale na kuambiwa tujenge hivyo. Baba alikuwa karani wa pamba. Alivaa shati la kaki lenye kalamu mbili mfukoni, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama hilo shati, kwa sababu alikisomea kwa mapadri. Mama alitokea Samuye, huko Shinyanga, na alijua Kisukuma peke yake, pamoja na sala za kanisani alizozikariri bila kujua zinasema nini. Mimi nilikuwa wa tano kuzaliwa. Kaka yetu mkubwa, Masanja, alikuwa ameshakimbilia kwenye dhahabu Geita, na mama akabaki akiitwa Mama Masanja, kwa jina la mtu ambaye haonekani.

Niseme wazi kwamba nilimpenda baba kupita kiasi. Alinipakia mbele kwenye baiskeli, akinisomesha maneno ya Kiswahili njia nzima: huu ni mgomba, ule ni mzinga, yule ni mwanamke mvivu amelala juani. Nilicheka mpaka tukakaribia kuanguka. Shuleni nilikuwa wa kwanza kwa Kiswahili, na sifa zote zilikwenda kwake.

Mwaka huo mama alijifungua mtoto wa kiume. Alikaa nasi miezi mitatu, akapata homa siku mbili, akaondoka. Kabla shangazi hajamfunika nilimgusa shavu. Lilikuwa la baridi, na baridi ya namna ile sikuwa nimewahi kuigusa kwenye kitu chochote cha kwetu, hata maji ya mtungini alfajiri. Nilikaa na kidole changu siku nzima nikiwa nimekikunja ndani ya ngumi.

Sasa, mtoto ambaye hajaota meno, kwa mila ya ukoo wetu, hakuwekewa matanga. Wanawake wawili au watatu walimzika nyuma ya nyumba, wakanawa mikono, wakarudi shambani. Jina lake halikutajwa tena. Na mama yake hakuruhusiwa kulia, asije akafunga kizazi. Padri naye alikuwa hajafika kumbatiza, kwa hiyo hata kanisa halikuwa na la kumwimbia. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyesimamia hayo yote. Alimwambia mama, "Funga mkaja wako vizuri, mke wa kaka. Huyo alikuwa mgeni wa kupita." Mama akafunga mkaja. Akaingia ndani akalala akitazama ukuta, na kwa kweli hakutoka.

Mwanzoni walisema amechoka. Pamba ikakomaa, ikachumwa bila yeye. Nilimpelekea uji, nikaukuta jioni umeota ngozi juu. Alikuwa hagombi wala halii, na nywele alikuwa hachani. Ukimwita alikuwa anaitika, lakini kwa kuchelewa, kana kwamba mwito ulikuwa na safari ndefu kumfikia. Nyumba yetu ilikuwa na dirisha moja dogo, na alikuwa ameliziba kwa gunia.

Wakati huohuo ndipo alipokuja yule daktari. Alikuwa mzungu, mwanamke mrefu wa makamo, uso mwekundu kwa jua, na alifikia kwenye zahanati ya misheni iliyokuwa mwendo wa saa mbili kutoka kwetu. Siku ya mkutano wa kijiji alisimama mbele ya wazee na Kiswahili chake cha kitabuni, akaeleza kwamba yeye hatibu malaria wala vidonda. Kazi yake ni kuchunguza afya za watu wanaoishi kwenye barafu, mwisho kabisa wa dunia upande wa kaskazini, ambako jua likizama msimu wa baridi halichomozi tena kwa miezi miwili. Alikaa nao miaka kadhaa. Katika giza hilo, alisema, watu hawaumwi mwili tu. Hawalali, au wanalala mno. Wanaacha kula. Wako wanawake ambao hawainuki kitandani. Sasa amekuja kuwatazama watu ambao jua lao linachomoza kila siku saa ileile, ili alinganishe.

Baba alikuwa pembeni yake akigeuza maneno kwenda Kisukuma, maana wazee wengi Kiswahili kilikuwa kinawapita. Mzee mmoja akainua mkono akauliza huko kwenye barafu ng'ombe wanakula nini. Daktari akasema huko hakuna ng'ombe. Mkutano mzima ukaguna kwa huruma. "Basi," mzee akasema, "safari yote hii ya nini? Ugonjwa wao si ndio huo?" Watu wakacheka, baba akamfasiria, na daktari naye akacheka mpaka akafuta macho. Tangu siku hiyo akaitwa Mama Mbeho, maana mbeho kwetu ni baridi, na baba akawa mkalimani wake.

Kila Jumatano alikuja na gari la misheni, akiwa na mizani, kifaa cha kupimia presha na sanduku la bati lenye barafu iliyogandishwa kwenye friji ya mafuta ya taa ya masista. Alimwaga ile barafu kwenye beseni la maji, nasi watoto na wakubwa tukaingiza mkono mmoja mmoja huku yeye akitazama saa. Wanaume waliokuwa wakijisifu kwa kupigana na fisi walitoa mkono wakipiga kelele. Mimi sikutoa. Nilisaga meno mpaka akaniambia basi. "Huyu," akamwambia baba, "angeweza kuishi kule." Baba akanishika bega kwa fahari, na mimi nikanusa vidole vyangu njia nzima ya kurudi. Ilikuwa baridi ileile ya shavu la mtoto. Hapo nikaanza kuelewa mambo, au nilidhani naelewa.

Maana alituonyesha na picha. Nchi nzima nyeupe, ardhi nyeupe, mbingu nyeupe, na katikati watu wadogo waliojifunika ngozi mpaka usoni. Nyinyi mnajua weupe kwetu ni wa nani. Bibi alipotambikia alivaa kaniki, lakini kondoo aliyetolewa kwa mizimu alikuwa mweupe, na unga uliomwagwa ulikuwa mweupe. Mimi nikajua ile ni nchi ya waliokufa, kwamba baridi iliyomchukua mdogo wangu ilitoka kule, na kwamba mama mzungu huyu alikuwa amekwenda akarudi, jambo ambalo hakuna mfumu, mganga wa kwetu, aliyeliweza. Nikamvizia peke yake akikunja mpira wa presha.

"Mama Daktari, shikamoo."

"Marahaba."

"Huko kwenye picha, umeona watoto wadogo? Ambao hawana meno?"

Akatabasamu. "Wengi sana. Wamefunikwa vizuri, wanalala kwenye migongo ya mama zao."

Nilitaka kumkumbatia. Nikauliza lile jingine. "Na wale wanawake wasioinuka kitandani, wanapona?"

Aliacha kukunja mpira, akanitazama vizuri, na hilo sitamnyima: alinitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtu mzima mwenzake. "Wengi wanapona," akasema. "Lakini kwanza lazima mtu aseme. Aseme yote yaliyomo ndani, na mwingine amsikilize mpaka mwisho. Hapo ndipo dawa inapoanza."

Nilikimbia njia nzima. Nikaingia gizani, nikapiga magoti kando ya kitanda cha mama na kumwambia kwa Kisukuma kwamba ugonjwa wake unajulikana. Una daktari wake. Daktari huyo anakuja Jumatano, na sharti ni moja tu, useme. Mama akageuka, na nilikuwa sijaona uso wake wote kwa wiki nyingi.

"Atanisikiaje? Hajui Kisukuma."

"Baba atamfasiria."

"Baba yako?" Alisema hivyo tu, na akarudi kuutazama ukuta.

Siku mbili nilimsumbua. Nilimwambia jinsi baba anavyofasiri vizuri, jinsi hata wazee wanavyomsifu, jinsi haachi neno. Mwishowe, kwa kuwa nilimwona anasitasita, nikasema maneno ambayo ningetoa vingi ili nisiwe nimeyasema. Nikasema, "Mayu, na mimi nitakuwepo. Kiswahili nakijua. Baba akikosea, nitamrekebisha." Mayu ndiyo mama, kwetu. Akainua mkono akanigusa kichwa. Jumanne alasiri akaniomba maji ya kuoga.

Jumatano mama alitoka. Majirani walisimama kutazama. Alikuwa amechana nywele, amevaa kitenge cha harusi ya binamu yake, na alipofika kwenye mwanga alikunja uso na kushika nguzo ya kibaraza kwanza. Shangazi akakaa kwenye mkeka pembeni, mikono kifuani. Mama Mbeho akampa mkono na kumwamkia, "Mwangaluka," vibaya vibaya, na mama akatabasamu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kigoda chake. Baba alikuwa amekaa upande wa daktari, kalamu mbili mfukoni.

Daktari akauliza maswali yake kama alivyowauliza wengine. Unalalaje? Unakula? Huwa unalia, au unajisikia mzito bila sababu? Baba akayafasiri yote matatu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaraji majibu ya kawaida. Na mama akajibu.

"Silali," alisema. "Nikifumba macho namsikia Mhoja analia nyuma ya nyumba, pale mlipomfukia. Maziwa yalikuja siku kumi na mbili baada yake, na sikuwa na wa kumpa. Niliyakamulia chini, ardhi ikanywa. Chakula kinywani nakiona udongo. Mlinikataza kulia, nikatii, na sasa hata nikitaka kulia machozi hayapo. Kuna siku natamani paa liniangukie. Mwambie huyu mama, kama kwao wapo wanawake wa namna yangu, anieleze wenzangu walifanyaje."

Alitaja jina. Shangazi alivuta pumzi kwa nguvu na kufunika mdomo kwa ncha ya kanga. Mimi moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha, ndiyo, furaha, kwa sababu mama amesema yote mpaka mwisho na sharti limetimia. Nikamgeukia baba ili nisikie jinsi atakavyoyapanga maneno yale kwa Kiswahili chake.

Baba akakohoa. Akasema, "Anasema analala salama. Chakula anakula. Hana neno, anamshukuru Mungu."

Daktari alishika kalamu bila kuandika. "Maneno mengi hivyo," akasema, "na maana yake ni hiyo tu?"

"Kilugha chetu kina mizunguko, Mama Daktari," baba akasema, na akacheka. Nakumbuka kile kicheko. Kilikuwa kicheko chake cha ofisini.

Mama alikuwa anawatazama kwa zamu, anasubiri. Daktari akaniona mimi. "Wewe uko darasa la nne," akasema, "na unajua Kiswahili vizuri. Ndivyo mama alivyosema?"

Baba akanitazama. Ningekuwa na la kujitetea kama angenikodolea macho ya kutisha, kama angenionyesha fimbo. Hakufanya hivyo. Alinitazama kama mtu anayeomba. Baba yangu, aliyejua majina ya vitu vyote, alikuwa ananiomba mimi mbele ya majirani, na midomo yake ilikuwa imekauka. Sikuwahi kuona mtu mzima akinihitaji kiasi kile.

"Ndiyo," nikasema.

Daktari akaandika. Aliandika mstari mmoja mfupi, akampa mama mkono, na mama akaushika kwa mikono yake miwili akashukuru, "Wabeja, wabeja sana," kwa sababu aliamini amesikika. Kisha akapimwa presha, akaingiza mkono kwenye beseni la barafu, akautoa daktari alipomwambia, na akarudi ndani. Lile gunia la dirishani akaliondoa mwenyewe. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi ya yote, kwamba aliliondoa.

Nilimkuta baba nyuma ya nyumba, akiangalia mahali ambapo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuangalia. Nikamuuliza kwa nini. Sikuwa nimewahi kumuuliza baba kwa nini.

"Ulitaka nimwambie mgeni kwamba mke wangu anamlilia mtoto asiye na meno?" akasema taratibu. "Aandike kitabuni? Wangempeleka kwenye hospitali ya vichaa, usimwone tena. Na huyo shangazi yako angesema nini kwa ukoo? Siku moja utaelewa."

Nimeshaelewa, baba. Nimepita miaka sitini, nimezaa, nimezika, nimeelewa kila kitu, na haijasaidia. Siku ile nilimchukia. Nilimchukia kwa kuwa aliiba maneno ya mama mbele ya macho yangu, na nilimchukia zaidi kwa kuwa alinifanya nimshikie gunia wakati akiiba. Kwenye baiskeli yake sikupanda tena, na yeye hakuniita.

Jumatano iliyofuata mama aliamka, akaoga, akavaa kile kitenge, akakaa kwenye kigoda kusubiri jibu. Gari likaja, likaenda upande wa pili wa kijiji ambako walikuwa bado hawajapimwa. "Atafika kwetu," mama akasema. Jumatano nyingine vilevile. Baba alimwambia kwamba daktari kasema apumzike, ale mboga. Mama akasema, "Hayo tu? Kwa maneno yote yale?" Baba akasema wazungu hawana maneno mengi. Mimi nilikuwa napepeta mtama pale pale uani, na sikuinua kichwa.

Msimu ukaisha na Mama Mbeho akaaga. Sherehe ilifanyika shuleni, kwaya ikaimba, wazee wakampa kondoo, ambaye sijui alimpeleka wapi. Mama alikuja. Alisimama nyuma kabisa nami pembeni yake, kwa sababu alijiambia kwamba labda majibu hutolewa siku ya mwisho, kama matokeo ya mitihani. Daktari akasimama, uso mwekundu, macho yamelowa, akasema kwa Kiswahili kwamba hatatusahau. Akasema kule kwenye barafu ameona akina mama wengi wasioinuka kitandani, na kwamba hapa kwetu, katika nyumba zote alizopita, hakumpata hata mmoja. Atakwenda kuwaambia wenzake kwamba jua ni dawa na ndugu wengi ni dawa. Wanawake wakapiga vigelegele. Shangazi alipiga kuliko wote.

Mimi sijui kama daktari yule alidanganywa au alikubali kudanganywa. Alikuwa na mashaka. Niliyaona kwenye kalamu yake. Mtu mwenye elimu ya kiasi kile, mwenye mashaka, akamuuliza mtoto wa miaka kumi mbele ya baba yake, akapata jibu alilokuwa amesafiri bahari na nchi kulitafuta, na akaliandika haraka. Nikimfikiria hata leo, hasira hunipanda.

"Kasema nini?" mama akaniuliza katikati ya vigelegele.

Ningeweza kudanganya tena. Nilikuwa nimeshajua njia. Lakini nilichoka, nikamwambia kama ilivyo. "Kasema hapa kwetu hakuna mama anayeumwa hivyo. Hata mmoja."

Mama hakushangaa haraka. Lilimfikia polepole, kama mambo yote yalivyokuwa yakimfikia siku hizo. "Mimi nilimwambia nini?" akauliza.

Nikatazama kule mbele alikokuwa baba.

"Baba yako alimwambia nini?"

Nikamwambia. Analala salama, anakula, hana neno. Niliyasema kwa Kisukuma, na kwa Kisukuma yalikuwa mabaya zaidi.

"Na wewe? Ulisema utamrekebisha. Wewe ulisema nini?"

Kwaya ilikuwa imeanza tena. Nilitazama vidole vya miguu yangu, na mama hakurudia swali. Alifungua kanga yake, akaifunga upya kiunoni, akaondoka katikati ya watu kwenda nyumbani, na wala hakunishika mkono.

Wiki ile mjomba alikuja kumchukua kwenda Samuye kwa wazazi wake. Walipanda lori mpaka Isaka, wakaendelea kwa treni. Alikaa huko msimu mzima wa mvua. Baadaye nilisikia kwamba nyanya yangu mzaa mama, ambaye hakujali mila za ukoo wetu hata kidogo, alimlaza mapajani kama mtoto mchanga akamwambia lia, na mama akalia siku tatu mpaka majirani wakaja kuuliza msiba ni wa nani. Kila mtu akaambiwa: wa Mhoja. Huko ndiko alikopona, kwa kadiri mtu anavyopona.

Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Alilima, alipika, alicheka na majirani. Baba alimtendea kwa heshima mpaka kufa kwake, na sikuwahi kuwasikia wakigombana. Lakini kulipofunguliwa madarasa ya kisomo kwa watu wazima, mama alikuwa wa kwanza kuandikishwa. Alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa mbao, akajifunza kusoma, na zaidi ya kusoma akajifunza Kiswahili. Watu walimtania kwamba anataka ukarani wa mumewe. Yeye alikuwa anacheka tu. Tangu hapo, kama ni zahanati, kama ni kwa mtendaji, kama ni kwa padri, mama alijisemea mwenyewe. Baba akijitolea kumsindikiza aliambiwa abaki na ng'ombe. Nilipokuwa mwalimu, na Kiswahili ndilo somo nililofundisha, nilijitolea mimi. Nikaambiwa nina madaftari ya kusahihisha.

Miaka michache kabla hajafariki alizidiwa, na safari hiyo hakuwa na nguvu za kunikataa. Nilimpeleka hospitali mjini Shinyanga. Nikapewa fomu, nikaijaza kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni huku yeye akisinzia begani kwangu: jina, umri, kijiji, idadi ya watoto aliowazaa. Niliandika sita. Sikufikiri. Ukoo mzima ulisema sita, kwa miaka yote hiyo.

Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia mama vizuri, akasoma fomu kwa sauti, na alipofika pale mama akafumbua macho.

"Saba," akasema.

Kijana akasita. Akatazama fomu, akatazama sura ya kikongwe aliyechoka, kisha akafanya kile ambacho watu wote hufanya. Akanigeukia mimi. "Ni saba, mama?" akaniuliza.

Nilifungua mdomo. Mama akaweka mkono wake juu ya goti langu, si kwa ukali, akanizuia.

"Usimtazame huyo, daktali," akamwambia, kwa Kiswahili chake cha kisomo. "Huyo atakujibu ndiyo, chochote utakachomuuliza. Nitazame mimi niliyezaa. Andika saba."